Fimbo Fupi ya Kurushia Mweupe: Nani Anaihitaji?

Katika pool kuna fimbo fupi ya kuurusha mweupe, yaani mpira unaopigwa kwa fimbo, upite juu ya mpira unaouzibia njia. Kabla ya kuuliza bei yake, uliza sheria ya meza unayochezea. Kwa wachezaji wengi wa Uganda mjadala unaishia hapo. Meza nyingi za baa, iwe mtaa wa Kabalagala jijini Kampala au mji wa Arua, ni zile ndogo za sarafu, za futi 6 au 7. Mipira yake ina kipenyo cha milimita 51 hivi, na mweupe mara nyingi ni mdogo zaidi, karibu milimita 48, ili mtambo wa ndani uutambue na kuurudisha. Mashindano ya meza hizo kwa kawaida hufuata kanuni za blackball (pool ya mipira ya rangi mbili na mweusi mmoja), na katika blackball kurusha mweupe ni faulu. Mweupe ukipita juu ya mpira mwingine, hata juu ya sehemu yake tu, kabla ya kugusa mpira unaoulenga, umekosa na mpinzani anapewa mpigo huru. Snuka nayo inakataza. Kama huko ndiko unakocheza, hela ya fimbo ya kurushia nunulia chaki nzuri na ncha mpya, kisha ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kurusha kunaruhusiwa katika michezo ya Kimarekani: mipira 8, mipira 9 na mipira 10, kwa kanuni za shirikisho la dunia la pool, WPA. Hapo mipira yote ina milimita 57, mweupe ukiwemo, na meza kamili ya futi 9 ina uwanja wa sentimita 254 kwa 127. Hata hivyo, kuna kumbi na mashindano yanayoruhusu kuruka lakini yanakataza fimbo maalumu. Utarusha kwa fimbo ileile unayochezea. Muulize mwendeshaji kabla hujafungua begi.

Sasa, kwa nini fimbo maalumu? Wengi hudhani mweupe huinuliwa kwa kuchotwa kutoka chini, kama mwiko unavyochota posho (ugali). Hiyo ni faulu katika kila mchezo, na ndiyo inayochana vitambaa. Mweupe huruka kwa sababu umegandamizwa kutoka juu kwenye jiwe la meza lililo chini ya kitambaa, ukadunda. Tatizo linakuja baada ya hapo: mweupe unadunda kurudi juu huku fimbo bado inashuka. Fimbo ya kawaida ina gramu 510 hadi 600. Mpira una gramu 156 hadi 170. Kitu kizito kikigonga chepesi huendelea kusonga mbele, kwa hiyo fimbo inaukuta mweupe ukiinuka na kuukandamiza tena. Unasikia sauti mbili zilizoshikana, na mweupe unatambaa badala ya kuruka.

Fimbo ya kurushia ina gramu 200 hadi 280. Ikigonga mpira unaoikaribia kwa uzito, karibu nguvu yake yote inahamia kwenye mpira, nayo inabaki nyuma. Ncha yake ni ngumu sana, mara nyingi plastiki ya fenoli badala ya ngozi, hivyo inaachana na mpira haraka. Upana wa ncha ni milimita 13 au 14, maana ncha nyembamba huteleza ikija kwa mshazari. Urefu ni sentimita 102 hadi 106. Mambo matatu ndiyo yanayofanya kazi: wepesi, ugumu wa ncha, upana wa ncha. Ufupi ni wa kukupa nafasi tu, kwa sababu fimbo ya sentimita 147 ikiinuliwa sana kitako chake kinapita kichwa chako.

Hapa ndipo watu hukosea: kile kifimbo ambacho baa hukiweka kwa ajili ya upande ulio karibu na ukuta si fimbo ya kurushia. Kwa kawaida ni fimbo iliyovunjika ikakatwa, ina kitako kizito na ncha ya milimita 9 au 10. Ni kifupi, basi.

Je, fimbo ya kawaida haiwezi kurusha? Inaweza, nafasi ikiwepo. Kizuizi, yaani mpira unaokuzibia njia, kikiwa sentimita 40 au zaidi mbele ya mweupe, na mpira unaoulenga uko mbali vya kutosha kwa mweupe kutua, fimbo ya kawaida yenye ncha ngumu ya milimita 13 itafanya kazi. Iinue nyuzi 30 hivi, piga kwa nguvu. Fimbo ya kufungulia mchezo ni bora zaidi, kwa kuwa ncha yake ni ngumu tayari. Kizuizi kikiwa shibiri moja tu mbele yako, fimbo fupi ndiyo inayotofautisha aliyefanikiwa na aliyebahatisha. Chini ya sentimita 5, hata wenye fimbo ghali hutafuta njia nyingine.

Kuna ujanja wa kufungua fimbo ya vipande viwili na kurushia kipande cha mbele peke yake. Unarusha vizuri ajabu, kwa sababu kipande hicho ni chepesi kuliko mpira wenyewe. Lakini kina sentimita 74 hivi, na WPA inataka fimbo isipungue inchi 40, yaani sentimita 101.6. Mezani kwa rafiki yako ni sawa. Kwenye mashindano refa atakusimamisha.

Kupiga kwenyewe kunakwenda hivi. Kwanza pima urefu unaohitajika, maana macho hudanganya. Kwa mipira ya milimita 57, mweupe unaopita juu ya katikati ya kizuizi lazima uinuke milimita 57. Kizuizi kikiziba nusu ya njia yako, bado unahitaji milimita 49. Kikiziba robo, 38. Ndiyo maana anayesema atakiparaza kidogo tu hukigonga begani kila mara: robo ya kizuizi inadai theluthi mbili ya urefu wote.

Simama wima kuliko kawaida, mguu wa nyuma ukiwa mbali na meza ili kiwiko kipate pa kupita. Mkono wa mbele uegemee kwenye ncha za vidole vitatu au vinne vilivyonyooka, kiganja kikiwa kimeinuka kutoka mezani, kidole gumba kikitengeneza mfereji. Kizuizi kikiwa sentimita 25 hadi 30, inua fimbo nyuzi 40 hivi. Kikiwa sentimita 10 hadi 15, inua hadi 55 au 60, na hapo ushikaji unabadilika: fimbo unaishika kama kalamu au kishale, kiwiko kikiangalia nje, na unapiga kwa kifundo cha mkono huo na sehemu yake iliyo kati ya kiwiko na kifundo tu, bega likitulia.

Lenga katikati ya mweupe kama unavyoonekana ukiutazama kupitia fimbo, si kama unavyoonekana na aliyesimama pembeni. Fimbo inashuka kwa mshazari, kwa hiyo katikati hiyo iko juu ya nusu ya mpira. Mshiko uwe laini, kama umeshika yai. Mpigo uwe mfupi na wa haraka, na fimbo isimame baada ya sentimita chache. Kasi ndiyo inayorusha; misuli hukaza mkono, na mkono uliokaza haufiki kasi hiyo.

Kwa mazoezi, weka kipande cha kitambaa chakavu cha meza chini ya mweupe. Bila hicho, kila mpigo unaacha doa jeupe la kuungua kwenye kitambaa kizuri, na mwenye meza ana haki ya kukufukuza. Anza kuruka juu ya chaki moja, ambayo ina milimita 22 hivi. Ukipita mara 8 kati ya 10, panga mbili, yaani milimita 44. Mpira wenyewe uje mwisho, kwanza ukiwa umbali wa sentimita 30, kisha 20, kisha 12. Mpigo hamsini kwa siku unatosha. Zaidi ya hapo kifundo cha mkono kinachoka na unajifunza makosa.

Mweupe ukikataa kuinuka, fimbo inaufuata: fupisha mpigo na legeza mshiko. Ncha ikiteleza na kutoa sauti ya kukwaruza, ama umegusa chini ya katikati, ama ncha imekauka chaki. Ncha ya fenoli haishiki chaki kama ngozi, kwa hiyo paka kabla ya kila mpigo. Mweupe ukipinda kushoto au kulia hewani na baada ya kutua, umegusa pembeni. Fimbo iliyoinuliwa hukuza kosa la milimita mbili likawa la shibiri. Mweupe ukivuka meza na kuanguka sakafuni, umegonga mpira uliolengwa kabla haujamaliza kudunda. Punguza pembe, au chagua mpigo mwingine. Na kumbuka: hata pale ambapo mpira uliosogezwa kwa bahati mbaya hurudishwa tu mahali pake, kizuizi kikisogea ulipokuwa unajaribu kukiruka ni faulu.

Asiyetaka kununua anaweza kutengeneza. Tafuta fimbo nzima ya kipande kimoja iliyopasuka kitako lakini iliyonyooka mbele. Ibingirishe juu ya meza, ikitikisika, iache. Pima sentimita 104 kutoka kwenye ncha, kisha kata. Msumeno usipite katikati ya risasi au nati: fimbo nyingi za ukumbini zina uzito uliofichwa kitakoni. Ukiukuta, utoe. Pima kwenye mizani ya jikoni. Ukipata gramu 200 hadi 280, umefika. Ikizidi, mpelekee fundi wa kukereza, kama wale wa mbao wa Nsambya, Kampala, apunguze kitako, asiguse sentimita 30 za mbele. Ncha iwe pana kadiri mti unavyoruhusu, na kipande kinachoibeba kiwe imara, maana fimbo nyingi za baa zina kikombe cha plastiki kinachopasuka kwa mpigo wa tano. Ngozi iwe ile ngumu kabisa. Wengine huinywesha gundi ya supa nyepesi matone mawili, ikakauka usiku kucha, kisha wakaikwaruza kwa msasa. Inafanya kazi, ila angalia kama shindano lako linaikubali.

Sasa turudi kwa mchezaji wa blackball aliyefichwa nyuma ya mpira wa mpinzani. Njia yake ni kuugongesha mweupe kwanza kwenye ukingo wa meza, udunde na kuufikia mpira wake, na hesabu yake si ngumu. Pima kwa fimbo mweupe uko umbali gani kutoka ukingoni, na mpira wako uko umbali gani kutoka ukingo uleule. Zikiwa sawa, lenga katikati ya nafasi ya ukingoni iliyo baina ya mipira hiyo miwili. Mweupe ukiwa sentimita 60 na mpira wako 30, gawa nafasi mafungu matatu: lenga mwisho wa fungu la pili kutoka upande wa mweupe. Pima kutoka kwenye katikati ya mipira, na uweke ukingo wako wa kufikirika nusu mpira kabla ya ukingo halisi, kwa sababu katikati ya mweupe haifiki kwenye raba. Kusahau hilo peke yake ndiko kunakowafanya wengi wakose kwa upana wa kidole.

Piga kwa nguvu ya wastani, mweupe ukibingirika. Ukipiga kwa nguvu nyingi, raba inabonyea na mweupe unatoka umenyooka kuliko ulivyoingia, kwa hiyo sogeza shabaha kidogo kuelekea upande wa mpira wako. Meza za sarafu zilizozeeka zina kingo zilizokufa upande mmoja na hai upande mwingine, na kitambaa kilicholowa unyevu wa msimu wa mvua hupunguza mwendo. Piga mweupe mara mbili kwenye kila ukingo kabla mchezo haujaanza, mwenye meza akiruhusu, uone unavyotoka.