Jinsi ya kupiga filamu ya "mara kumi" hapa Goma, kwa njia ya ofisi ya Eames

Watu wakisikia Eames wanawaza ile fotei ya ngozi na tripleksi iliyokunjwa, ya mwaka 1956, ile ukimwonyesha menizie wa huku foto yake kwa telefone anacheka kwanza juu tripleksi ya soko haikubali kukunjwa vile. Kiti tuache. Charles na Ray Eames, bwana na bibi yake, wabunifu wa Marekani, walikuwa na atelie Los Angeles tangu 1943 na mule mlitoka viti, filamu na maonyesho, vyote kwa akili moja: anza na kitu kyenye uko nacho. Mashine yao ya kwanza ya kukunja mbao waliiunda ndani ya aparteman ya kupanga, na hewa ya kukandamiza zile mbao nyembamba zenye gundi ilitoka kwa pompi ya baiskeli. Sasa wewe uko na telefone.

Filamu tunaiga ni Powers of Ten, ya 1977, dakika 9 hivi. Inaanza na watu wawili wamepumzika kwenye park Chicago karibu na ziwa, picha ya metre 1 kwa metre 1, halafu kila sekunde 10 upana unaongezeka mara kumi mpaka nje ya magalaksi, kisha inarudi na kuingia ndani ya mkono wa yule bwana mpaka kwenye atomu. Sisi ziwa tuko nalo. Picha 9 zinatosha: metre 1, 10, 100, kisha kilometre 1, 10, 100, 1,000, 10,000, na 100,000 kwenye dunia nzima inaonekana kama mpira.

Ya metre 1 piga mwenyewe. Tandika kitenge juu ya mawe meusi ya volkano, mtu alale, mkono wake ukae katikati kabisa, juu huo mkono njo sentre ya filamu yote. Kwa telefone nyingi ukikata picha iwe karé, upana unakaribia urefu wenye umeshikia kamera, kwa hiyo metre 1 na kidogo juu inatosha. Usipige saa sita, kivuli chako kitaanguka juu ya mtu. Piga asubuhi, simama upande kivuli kikimbie nje.

Ya metre 10 njo inasumbua. Satelite haioni vizuri hapo, na kutoka chini huwezi, basi tafuta nyumba ya etaji tatu, omba ruhusa kwa mwenye nyumba (omba kweli, watu hawapendi mtu wa kamera juu ya dali yao), piga chini wima, na kitenge kiwe palepale chini yako. Drone achana nayo. Tuko mpakani, utajieleza mpaka usiku.

Kuanzia metre 100 tumia Google Earth, ile aplikasyo ya picha za satelite, fanya skrinshoti kwenye iko wifi usimalize mega zako, pima upana kwa ile rula ya ndani na usikate jina la wenye picha. Kwa kilometre 10 utaona uwanja wa ndege na Gisenyi ng'ambo, kwa 100 zinaingia volkano za Nyiragongo na Nyamuragira na kipande kikubwa cha ziwa Kivu. Hapa njo watoto wa mtaa wanaanza kupiga kelele.

Kuunganisha sasa. Chukua picha ya metre 1, ipunguze iwe sehemu moja ya kumi, ibandike katikati ya ile ya metre 10, na hivyo hivyo mpaka mwisho, bila hiyo kila picha itaanza na ukungu. Kisha ndani ya CapCut, aplikasyo ya kuunganisha video, kila picha kuanzia ile ya metre 10 ianze imekuzwa mara 10 na baada ya sekunde 10 iwe ya kawaida. Lakini ukiweka alama za ukuzaji (keyframe) mbili tu, mwanzo na mwisho, mwendo utakuwa wa kurukaruka: polepole kwanza, halafu mbio mwishoni, kila sekunde 10 vile vile. Weka alama ya katikati, sekunde ya 5, ukuzaji uwe 3.2 (si 5!), na kama uko na uvumilivu ongeza 5.6 kwenye sekunde 2.5 na 1.8 kwenye 7.5. Mwendo utatulia kama pirogi juu ya maji ya asubuhi.

Sauti weka yako. Wao walimpa mwanafizikia Philip Morrison asimulie na Elmer Bernstein akatunga muziki, wewe sema tu, polepole, umbali na mahali. Usieleze mingi.

Ukitaka na maonyesho, peleka zile 9 kwa papeteri watoe kwa karatasi ya A4. Hawa Eames kule Moscow 1959 walionyesha picha zaidi ya 2,200 kwa skrini 7 kwa mara moja, na 1961 maonyesho yao ya hesabu, Mathematica, yalikuwa na vifaa vya kubonyeza na kutazama vikicheza. Kwako kamba na vibanio vya nguo vinatosha: zipange kwa mstari mmoja, kwa kimo cha macho ya mtoto wa miaka minane, na kwa kila moja chora kwa kalamu nyekundu kile kikare kidogo cha katikati chenye picha ya kabla yake imekaa ndani.