Birika la chai kwenye Blender bila mikunjo, kwadi tupu mwanzo mwisho

Birika langu la kwanza kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, lilitoka kama limekanyagwa na daladala. Mwili ulikuwa poa, ila pale mdomo unapoungana na mwili palijikunja kama shati lililolala kwenye begi wiki nzima, mi nikadhani dawa ni kuongeza levo za Subdivision Surface, modifaya ya kulainisha umbo, 2 ikawa 4, 4 ikawa 6, laptopu yenyewe ya RAM 8 ikaganda mpaka nikaizima kwa batani. Nilivyowasha na kurudisha 2, mikunjo ipo palepale, inaning'ang'ania.

Sasa iko hivi, modifaya ile hairekebishi kitu, kazi yake ni kutafuta wastani tu. Inachukua kila uso wa pembe nne (hizo ndo kwadi), inaukata vipande vinne, halafu inavuta kila nukta kuelekea kwa majirani zake. Hesabu yenyewe ni ya Edwin Catmull na Jim Clark, ya 1978, na bado ndo inayotumika hadi leo. Kwahiyo meshi (umbo lenyewe la nukta na nyuso) ya nyuso 500 ukiiweka levo 2 inakuwa 8,000, levo 3 inafika 32,000, na levo 6 inapita milioni mbili, ndo maana laptopu ilizimia. Pembetatu nayo inakatwa vipande vitatu, uso wa pembe tano vitano, na katikati inabaki nukta yenye mistari mitatu au mitano badala ya minne, mwanga ukipita hapo unashtuka. Kwenye sehemu bapa huoni kitu hata uwe na pembetatu, wanaopiga kelele kwamba pembetatu ni haramu kila mahali wanazidisha, ila kwenye mkunjo wa alumini inayong'aa utaumbuka.

Haya tuanze. Tafuta picha ya ubavuni ya birika la alumini, lile la kwa mama ntilie, liweke nyuma ya kazi yako. Shift+A, Mesh, Cylinder, pale kwenye Vertices andika 16 na Cap Fill Type weka Nothing ili juu na chini pabaki wazi. 16 sijaitoa hewani, utaona tukifika kwenye mdomo. Ingia Edit Mode, Ctrl+R uongeze mistari mitano hivi ya kuzunguka, kisha mstari mmoja mmoja (Alt na kubonyeza) uupanue kwa S mpaka ufuate tumbo la birika kwenye picha. Usiongeze mistari kwa sababu tu una wasiwasi, kila nukta ya ziada ni nukta utakayokuja kuisawazisha kwa mkono. Ukiridhika toka Edit Mode, Ctrl+2, levo mbili zinaingia, bonyeza kulia chagua Shade Smooth.

Chini: shika duara la mwisho, E (kuvuta kipande kipya) halafu S kuingia ndani kidogo, alafu Ctrl+F, Grid Fill. Nukta 16 zinatoa gridi ya nne kwa nne, kwadi tupu. Pembe nne za hiyo gridi zitakuwa na nukta za mistari mitatu, usihangaike nazo, zipo chini ya birika na hapo ni bapa. Utaona ukingo wa chini umelegea kama sabuni iliyolowa, pitisha Ctrl+R moja karibu na kona, ukiisogeza karibu kona inakaza, ukiivuta mbali inalainika. Ipo njia ya Shift+E pia ya kukaza kona bila kuongeza mstari, mi siipendi kwa chuma maana ukiikaza mpaka mwisho unapata kona kali kama wembe, wakati alumini ya kweli ina ka-mviringo kadogo kanakoshika mwanga.

Mdomo ndo penyewe, hapa twende taratibu. Chagua nyuso nne zilizokaa pamoja, mbili juu mbili chini, upande wa mbele. Bonyeza I uinseti kidogo, yani uchore mpaka mdogo ndani ya hizo nyuso. Hesabu nukta za pembeni ya hicho kipande: ni 8, duara zuri la mdomo, na ndo sababu ya 16, maana ungeanza na 32 nyuso mbili za upana zingekuwa mrija wa peni. Bonyeza kulia, LoopTools, Circle (LoopTools ni nyongeza ya Blender, kuanzia 4.2 unaishusha mwenyewe kwenye Get Extensions), mraba unageuka duara. Kama mwili wako umejipinda sana toa tiki ya Flatten. Sasa E uvute nje, R uzungushe, S upunguze, rudia mara tatu nne mpaka mdomo upinde vizuri, ukifika mwisho futa zile nyuso nne uache tundu.

Ukichungulia pale ulipoinseti, kila kona ya nje ina nukta yenye mistari mitano. Haziepukiki hizo, cha kufanya ni kuzitelezesha kwa G G zikae mahali palipotulia, mbali na mpindo wa mdomo. Mi nilizirundika zote kwenye mpindo na ndo ile mikunjo ya shati. Ukitaka muungano ukaze, mstari wa ziada pitisha kwenye mdomo wenyewe, ukiupitisha kwenye mwili utazunguka birika zima na kuacha mbonyeo hadi nyuma.

Mkono usiuunganishe! Birika la kweli mkono wake umepigwa ribiti, fanya kitu cha pembeni na uchomeke tu. Unene wa bati weka modifaya ya Solidify, ila ikae juu ya Subdivision kwenye orodha, ikikaa chini kona za ukingo hazilainiki.

Kabla ya kurenda (kutoa picha ya mwisho): A, M, By Distance, nukta zilizolaliana ziungane. Shift+N, nyuso zote ziangalie nje. Halafu Select, Select All by Trait, Faces by Sides, weka 4 na Not Equal To, kikiwaka kitu chochote ujue siyo kwadi. Washa matcap ya chuma (rangi ya kuigiza mng'ao kwenye skrini), zungusha birika polepole uangalie mstari wa mwanga, ukiruka mahali sogeza nukta hapo, usiongeze.

Kwenye Cycles, injini ya Blender ya kurendea, materiali weka Metallic 1, Roughness kama 0.25, taa moja ndefu nyembamba ubavuni, maana taa ya duara inaficha makosa. Levo weka 1 kwa kufanyia kazi, 3 kwa kurendea.

Na kama unataka picha ya kuonyesha waya, nodi ya Wireframe ya Cycles achana nayo, Cycles inakata kila kitu pembetatu wakati wa kurenda kwahiyo watu wataona pembetatu wakuzomee bure. Pandisha levo ya skrini iwe 3, acha Optimal Display ya modifaya ya Subdivision na tiki yake, washa Wireframe kwenye Overlays, kisha View, Viewport Render Image. Inatoka mistari yako ya mwanzo tu juu ya mwili laini. Zima gridi ya sakafuni kwanza, la sivyo nayo itaingia kwenye picha.