Kusimamia Tamthilia ya Wanafunzi Kuanzia Usiku wa Kwanza Hadi wa Mwisho

Mazoezi yakishakwisha na watu wakaanza kukata tiketi, usukani wa tamthilia unashikwa na msimamizi wa jukwaa. Mwongozaji anakwenda kukaa na watazamaji. Kikundi kikubaliane hili mapema, maana ugomvi mwingi wa nyuma ya pazia huanzia hapa: mwongozaji amemnong'oneza mwigizaji mmoja aingilie upande mwingine, mwendesha taa hana habari, na mwigizaji anajikuta akisema maneno yake gizani. Maoni yote yapitie kwa msimamizi, na yatolewe kesho yake kabla watu hawajavaa maleba, yaani mavazi ya jukwaani.

Tuchukue chuo cha Dar es Salaam chenye bwalo la viti 200, na maonyesho manne, Alhamisi hadi Jumapili. Usianze saa 12 na nusu jioni. Magharibi huingia kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, na nusu ya waigizaji na watazamaji watakuwa msikitini au njiani. Anza saa 1 na robo usiku, kisha pigia mahesabu kurudi nyuma. Timu ya jukwaa ifike saa 10 alasiri. Waigizaji wote wasaini daftari saa 11. Aliyechelewa dakika 10 apigiwe simu. Zikifika 30, mbadala wake aanze kuvaa, hata kama mwenyewe anasema yuko kwenye daladala. Saa 11 na robo wanyooshe viungo na sauti, na kila pigano au ngoma irudiwe polepole mara moja, kila siku, kwa sababu mtu akishazoea ndipo anapoteguka mguu. Chakula kiliwe baada ya hapo. Aliyekwisha kuvaa maleba anakunywa maji tu.

Milango ifunguliwe saa 1 kasorobo. Tangaza nyuma ya jukwaa zikibaki dakika 30, 15 na 5, na kila mtu ajibu kwa sauti: "Tano, nimesikia." Asiyejibu yuko chooni au nje kwenye simu, mfuate.

Meza ya vifaa ndiyo moyo wa kazi yote. Ifunike kwa karatasi nyeupe, uigawe miraba kwa tepu ya karatasi, na ndani ya kila mraba uandike jina la kifaa, tukio, nani anakichukua na anaingilia upande gani: "Barua, tukio la 3, Mama, kushoto." Kinu na mchi vikae chini ya meza, navyo vichorewe mraba wao sakafuni. Mraba mtupu unaonekana hata kwa mwanga wa tochi ya simu. Kagua mara mbili: milango ikiwa bado imefungwa, na onyesho likiisha. Barua inayochanwa jukwaani inahitaji nakala 4 kwa maonyesho 4, ongeza 2 za akiba. Chai ya jukwaani isitiwe sukari. Inanata kooni, mwigizaji anaanza kukohoa katikati ya maneno, na asubuhi sisimizi wameijaa meza.

Umeme ndio unaoangusha maonyesho mengi ya wanafunzi, na mara nyingi TANESCO haihusiki kabisa. Taa 8 za kizamani za wati 1,000 kila moja zinakula uniti 16 kwa saa mbili. Soma mita ya Luku saa 10 jioni na ununue mapema, kwa sababu tokeni ikichelewa kuingia, gizani hamna la kufanya. Plagi ya ampea 13 haibebi zaidi ya wati 3,000 hivi, kwa hiyo usichomeke zaidi ya taa mbili za namna hiyo kwenye waya mmoja wa ekstensheni. Waya wa kuviringisha ufunguliwe wote: ukibaki umejiviringa huku umebeba mzigo, huweza kushika moto. Ukipata taa za LED za wati 150, nane hazifiki hata uniti 3 kwa muda huohuo, na mvutano wote huu unakwisha. Weka pia taa mbili za kuchaji pembeni mwa jukwaa. Umeme ukikatika, waigizaji wasimame palepale walipo, msimamizi aseme neno moja na watazamaji, na umeme ukirudi waanzie mstari ambao msimamizi aliuwekea alama kwenye nakala yake ya tamthilia.

Maleba: joto la Dar halikaushi kanzu ya jana kwa usiku mmoja. Kila mwigizaji avae fulana ya pamba ndani, awe nazo mbili za kubadilishana. Fulana ndizo zifuliwe kila usiku, maleba yatundikwe yakiwa yameachana. Sindano, uzi na pini ziwe mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana.

Mlangoni, andika namba ya tiketi ya kwanza na ya mwisho, fedha zihesabiwe na watu wawili, malipo ya simu yaingie kwenye namba ya kikundi. Hapa hakuna cha kujadili.

Kabla ya kulala andika ripoti, mistari mitano inatosha:

"Ijumaa. Tumeanza 1:22, foleni mlangoni. Sehemu ya 1: dk 54 (jana 49). Sehemu ya 2: dk 41. Watu 163. Barua haikuwa mezani, tukio la 3. Taa ya 6 inapepesa."

Zile dakika 5 zilizoongezeka zisipuuzwe. Usiku wa kwanza watu walicheka, usiku wa pili waigizaji wanasubiri kicheko kile kile, na vituo kati ya maneno vinarefuka. Dawa yake ni kuketi Jumamosi kabla ya saa 11 jioni na kusema maneno yote ya sehemu hiyo mbio, bila kuigiza, mara moja.

Jumapili usibomoe jukwaa watu wakiwa bado wanapiga picha. Zima taa, ziache dakika 20 zipoe ndipo zishushwe. Vya kuazima vitenganishwe kwanza na viandikwe vinakokwenda. Kinu cha mama lishe kioshwe usiku uleule, kimfikie Jumatatu asubuhi kabla hajabandika chungu.