Kabla hujafungua dripu thieta

Wanafunzi wa nusukaputi ninaowafunza hapa Malindi swali lao ni moja: mgonjwa wa upasuaji mkubwa apewe chupa ngapi? Mimi huwaambia wamwulize kwanza alikunywa lini. Bi mkubwa aliyekatazwa hata maji tangu jana jioni, na joto hili la kaskazi, huja midomo imemkauka bure. Maji au chai ya mkandaa anaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili kabla ya upasuaji, madhali tumbo halijaziba.

Weka kanula mbili, yaani vijineli vya plastiki vya kupitishia maji mshipani, moja iwe ya kijivu. Ile ya waridi ni nyembamba, damu ikifumuka haikufai.

Hesabu ya msingi ya maji ni hii: kilo 10 za mwanzo, mililita 4 kwa kila kilo kwa saa, 10 za pili, mililita 2, zinazobaki, 1. Mtu wa kilo 70 hupata 110 kwa saa. Mpira wako wa dripu ukiwa wa matone 20 kwa mililita, hayo ni kama matone 37 kwa dakika. Tumia ringa, maji yenye chumvichumvi zinazokaribia za damu. Salaini, yale maji ya chumvi ya kawaida, ina kloridi nyingi, lita zikizidi damu huingia asidi.

Damu iliyomwagika usiikisie. Pima vitambaa kwenye mizani, toa uzito wa vikavu, kila gramu ihesabu mililita moja. Kwenye chupa ya kunyonyea, toa maji ya kuoshea tumbo. Daktari mpasuaji atasema "ni kidogo tu". Wote husema hivyo.

Nikiwa mgeni wa kazi, hospitali nyingine, presha ya mvuvi mmoja ilishuka nikaachia dripu wazi, chupa juu ya chupa. Kumbe dawa ya usingizi ndiyo iliyolegeza mishipa. Asubuhi kope zimemvimba, kifua kinakoroma. Siku hizi huuliza kwanza: anavuja damu, au ni dawa yangu? Kama ni dawa, huipunguza, au hutoa efedrini ya kupandisha presha. Nikishuku maji, hutia mililita 250 kwa dakika 10, jicho kwenye mapigo na presha. Vikitengemaa, amepata alichokosa. Visipobadilika, hufunga nikatafuta sababu nyingine.

Lakini usiwe bahili. Utafiti wa 2018 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, wagonjwa wapatao 3,000, ulionyesha waliobaniwa maji waliumia figo zaidi.

Ukimtoa thieta, andika kilichoingia, damu na mkojo uliotoka, na mililita ngapi kwa saa. Ukiandika "dripu iendelee" tu, nesi wa zamu atakuamsha saa nane usiku, na ana haki.