Klachi ya bei nafuu kwa gari la michezo lenye nguvu

Anza na toki ya injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, si idadi ya nguvu za farasi, kwa sababu toki ndiyo inayofanya klachi iteleze. Injini ikitoa toki ya Nm (newton-mita) 500, tafuta klachi iliyopimwa kubeba Nm 600 hadi 650. Ukizidisha sana, utalipia presha pleti (sahani inayobana pleti ya klachi) yenye springi kali, pedali nzito na gari linaloshtuka kila ukiondoka.

Kwa gari la barabarani, pleti ya klachi yenye uso wa oganiki, laini kuliko seramiki, na presha pleti kali zaidi inatosha wengi. Pleti ya seramiki yenye vipande hustahimili joto, lakini hukamata ghafla na kutetemesha gari kwenye foleni.

Usibane pesa kwenye beringi ya klachi wala sili ya nyuma ya krenki, inayozuia oili ya injini isivuje: tone la oili likigusa pleti mpya, imeharibika. Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hukamata) ya kawaida ichongwe upya. Ile ya vipande viwili ikilegea, badilisha.

Kisha endesha taratibu mjini kilomita 800, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho. Ukiharakisha, uso wa pleti huungua na kung'aa kama kioo, na klachi huanza kuteleza.