Jumamosi Saa Tisa Alasiri: Namna ya Kuzuru Viwanja vya Ligi za Chini Uingereza

Kwa kawaida, kila Jumamosi ya msimu wa ligi, kuanzia saa tisa kasoro robo alasiri hadi saa kumi na moja na robo jioni, televisheni za Uingereza haziruhusiwi kuonyesha mechi ya mpira mubashara. Marufuku hiyo ilianza miaka ya 1960, na lengo lake ni kulinda mapato ya getini ya klabu ndogo, watu wasikae nyumbani kutazama vigogo huku viwanja vya mitaani kwao vikibaki vitupu. Ndugu zetu wengi wanaoishi huku huutumia muda huo kusubiri mechi ya jioni. Mimi huenda uwanjani, na ningependa nawe uende.

Aliyekulia kwenye mechi za mchangani anaijua raha ya kusimama kando ya chaki na kumsikia kocha akimfokea beki wake kwa jina. Raha hiyo ipo Uingereza, tena ndani ya viwanja vyenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Inahitaji tu kupangwa vizuri.

Hatua ya 1: Jua unaingia daraja gani

Juu kabisa ipo Ligi Kuu, kisha Championship, League One na League Two. Hayo ni madaraja manne. Kuanzia la tano kwenda chini ndiko kunakoitwa non-league, na hilo ndilo jina utakaloandika unapotafuta ratiba mtandaoni. Daraja la tano ni National League yenyewe, klabu 24. La sita limegawanywa Kaskazini na Kusini. La saba lina makundi manne, la nane manane, la tisa kumi na sita. Kadiri unavyoshuka, ndivyo safari za timu zinavyokuwa fupi na wapinzani wanavyokuwa majirani.

Usidhani huko chini hakuna mpira. Taifa Stars ilipokwenda AFCON ya Ivory Coast Januari 2024, kikosini alikuwemo Tarryn Allarakhia, mchezaji wa Wealdstone, na Haji Mnoga aliyekuwa Aldershot Town kwa mkopo, zote mbili klabu za daraja la tano. Jamie Vardy naye alipitia Stocksbridge Park Steels, timu ya mji mdogo karibu na Sheffield, kabla ya kufika Leicester City mwaka 2012 na baadaye kutwaa ubingwa wa nchi.

Ushauri wangu: anza na daraja la saba au la nane. La tano bado lina mambo ya kibiashara, mageti ya kielektroniki na mashabiki wa ugenini waliotengewa upande wao. La kumi nalo linaweza kumvunja moyo mgeni akikuta watu hamsini na mbwa kumi kwenye upepo mkali. Hapo katikati utakuta mashabiki wa kutosha kuimba, na bado utasimama popote utakapo.

Hatua ya 2: Chagua uwanja kwa ramani ya treni

Wengi huanza na jina la klabu. Mimi huanza na stesheni. Uwanja unaofikika kwa miguu kutoka stesheni unakupa muda wa kuuona mji, na haukufanyi utegemee basi la jioni ambalo huenda lisije.

Mfano mzuri kuliko yote ni Lewes, kusini, safari ya saa moja na kidogo kutoka London Victoria. Uwanja unaitwa The Dripping Pan, na unatembea dakika chache tu kutoka stesheni. Umezama chini kama sinia, kuna kingo za nyasi pembeni, na ukisimama nyuma ya goli unaiona milima ya South Downs ikiinuka mbele yako. Klabu ilianzishwa 1885, tangu 2010 inamilikiwa na watu wa kawaida walionunua hisa, na mwaka 2017 iliamua bajeti ya timu ya wanawake ilingane na ya wanaume. Kwangu, uamuzi huo peke yake unatosha kuwa sababu ya kulipa kiingilio.

Ukiwa London na huna nauli ya mbali, shuka stesheni ya East Dulwich uende Champion Hill kwa Dulwich Hamlet, jezi za waridi na buluu. Hapo ndipo Korea Kusini ilipoifunga Mexico 5–3 kwenye Olimpiki ya 1948. Njia ya kuingilia imepewa jina la Edgar Kail, mshambuliaji aliyeichezea timu ya taifa ya Uingereza mwaka 1929 akiwa mchezaji wa ridhaa wa klabu hiihii. Mashabiki huzidi elfu mbili mara nyingi, kwa hiyo nunua tiketi mapema.

Anayetaka kuona mwanzo wa mambo apange wikiendi nzima Sheffield. Sheffield FC, iliyoanzishwa 1857, inatambuliwa kuwa klabu ya mpira kongwe kuliko zote duniani. Sasa inachezea Dronfield, mji mdogo ulio kusini mwa jiji na wenye stesheni yake. Hallam FC ya 1860 inachezea Sandygate, uwanja unaotambuliwa kuwa mkongwe kuliko wote, na ukisimama pembeni utaona kwa macho yako jinsi ulivyo na mteremko. Timu hizo mbili zilicheza hapo tarehe 26 Desemba 1860. Mahali ambapo mpira wa klabu kwa klabu ulianza, unaingia kwa bei ya chakula cha mchana. Hilo bado linanishangaza.

Kuhusu nauli: kadi ya Railcard hupunguza theluthi moja ya nauli nyingi, na zipo za vijana, za watu wawili wanaosafiri pamoja na za familia. Angalia pia matengenezo ya reli, maana hufanywa sana wikiendi, na safari ya treni ya muda wa saa moja inaweza kugeuka kuwa safari ya basi ya muda wa saa mbili.

Hatua ya 3: Ratiba ithibitishe mara tatu

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo isome polepole.

Ratiba hutoka Julai, lakini klabu za chini zinacheza vikombe vingi. FA Cup kwao huanza Agosti, miezi mitano kabla timu za Ligi Kuu hazijaingia kwenye raundi ya tatu Januari. Timu ikishinda mechi ya kombe, mechi yake ya ligi ya Jumamosi ya raundi inayofuata huhamishiwa siku ya kazi, mara nyingi Jumanne saa mbili kasoro robo usiku. Kwa hiyo uangalizi wa kwanza ni unapopanga, wa pili ni Jumatano ya wiki yenyewe, na wa tatu ni Jumamosi asubuhi kabla hujatoka mlangoni.

Ule wa asubuhi ni kwa sababu ya mvua na barafu. Kuanzia Novemba hadi Februari viwanja hujaa maji, refa huja kukagua, na mechi huahirishwa saa chache kabla ya kuanza. Klabu hutangaza kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii kabla ya mahali pengine popote. Usinunue tiketi ya treni isiyorudishwa kwa safari ya Januari, na daima uwe na uwanja wa pili kwenye njia ileile, ikiwezekana wenye nyasi bandia. Nyasi hizo zinaruhusiwa kuanzia daraja la tano kwenda chini. Harrogate Town na Sutton United zilipopanda League Two, mwaka 2020 na 2021, zililazimika kuzing'oa. Maidstone United, waliowatoa Ipswich Town kwenye FA Cup Januari 2024 wakiwa daraja la sita, uwanja wao ni wa nyasi bandia, na kwangu ndio kimbilio la mvua kwa upande wa Kent.

Siku mbili za kuzingatia kwenye kalenda. Tarehe 26 Desemba majirani hupangwa pamoja na hali uwanjani ni ya sikukuu, lakini treni karibu zote husimama, hivyo chagua uwanja wa kwenda kwa miguu. Nyingine ni Non-League Day, iliyoanza 2010: hupangwa wakati ligi za juu zimepumzika kupisha timu za taifa, na klabu nyingi hupunguza kiingilio siku hiyo.

Hatua ya 4: Pesa na nguo

Daraja la saba na la nane, tegemea kiingilio cha kati ya pauni 10 na 15. La tisa na la kumi mara nyingi ni chini ya hapo, na National League huweza kufika pauni 20 na zaidi. Watoto aghalabu huingia kwa bei ndogo sana au bure. Kadi inapokelewa karibu kila geti, ila beba sarafu kwa ajili ya bahati nasibu ya mapumziko.

Nguo ni suala la afya. Unasimama juu ya zege saa mbili, na baridi huingia kwa nyayo. Soksi mbili, viatu vyenye soli nene, kofia, koti linalozuia mvua. Mwavuli uache, utawaziba watu walio nyuma yako.

Hatua ya 5: Fika saa nane

Saa nzima kabla ya mpira ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, wakati mwingine kuliko mechi.

Getini utapokewa na mtu anayejitolea. Karibu kila unayemwona akifanya kazi pale, anayekata tiketi, anayeuza jarida la mechi, anayechota chai, hapokei mshahara. Msalimie, mwambie umetoka wapi na kwamba ni mara yako ya kwanza. Kitu kidogo, lakini mlango unafunguka: utaonyeshwa jukwaa la zamani liko upande gani, nani mfungaji wao, wapi kuna picha za timu ya mwaka ule waliofika mbali.

Kisha uzunguke uwanja wote, pande zote nne, ukiwa umetulia. Gusa reli inayozunguka uwanja. Tazama mbao za jukwaa, tazama nyuma ya kuta kuna nini. Pale Crosby, karibu na Liverpool, upande mmoja wa uwanja wa Marine umepakana na nyuma ya nyumba za watu. Tottenham ya Mourinho ilicheza hapo Januari 2021 bila mashabiki kwa sababu ya korona, na Marine, wakiwa daraja la nane, waliuza tiketi za mtandaoni zaidi ya 30,000 kwa mechi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Walifungwa 5–0, lakini pesa ile ilibaki klabuni.

Hapo ndipo penye kiini cha ziara hizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Klabu hizi hazina fungu kubwa la televisheni. Zinaishi kwa geti, chai, baa na bahati nasibu. Nunua jarida kama linachapishwa, nunua chai, nunua tiketi ya bahati nasibu. Ukiingia na chakula chako ndani ya mfuko umeona uwanja, ila hujauzuru.

Hatua ya 6: Mechi yenyewe

Simama nyuma ya goli ambalo wenyeji wanalishambulia. Mapumziko yakifika utaona mashabiki wanahama wote kwenda upande wa pili, wakipishana na wale wa ugenini bila polisi wala uzio. Nenda nao. Kipindi cha pili, walau dakika kumi, sogea karibu na mabenchi ya akiba. Utasikia mbinu, malalamiko na majina ya utani ambayo hakuna kipaza sauti cha televisheni kinachoyapata.

Kwenye madaraja matano ya juu sheria ya 1985 inakataza kunywa pombe mahali unapouona uwanja. Kuanzia la sita kushuka utaona watu wamesimama na glasi zao kando ya reli. Asiyekunywa hasumbuliwi, chai inatosha kabisa. Nyama ya baga kwa kawaida si halali, na chipsi zinaweza kuwa zimekaangwa kwenye mafuta yaleyale, hivyo uliza dirishani, watakujibu bila kinyongo.

Kwa Waislamu, panga sala mapema. Katikati ya Desemba jua la London huzama saa kumi kasoro dakika chache, ikimaanisha Magharibi inaingia wakati wa mapumziko hasa, na Alasiri inakuwa imeingia kabla mpira haujaanza. Ukifika saa nane utapata nafasi ya Alasiri. Kwa Magharibi, mwombe mtu wa klabu kona tulivu. Nyuma ya jukwaa daima kuna mahali.

Baki mpaka filimbi ya mwisho. Watu wanaohesabu viwanja hubishana kama uwanja uliouacha dakika ya 80 unahesabika. Mimi nasema hauhesabiki, na ukishaona bao la dakika ya 93 mbele ya watu mia tatu utakubaliana nami.

Hatua ya 7: Jumapili usiitupe

Mechi nyingi za wanawake huchezwa Jumapili mchana. Ukilala Lewes au Brighton iliyo jirani, na ratiba zikilingana, unaweza kuona timu zote mbili za Lewes kwenye uwanja uleule kwa wikiendi moja. Tafuta kwanza wikiendi ya namna hiyo, ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza na watoto.

Ukirudi, andika tarehe, matokeo na idadi ya watazamaji iliyotangazwa. Programu ya simu iitwayo Futbology inakuhifadhia viwanja vyako na kukuonyesha mechi zilizo karibu nawe, lakini daftari nalo linafaa. Kisha iandikie klabu mistari miwili kwenye ukurasa wao kuwashukuru na kuwaambia umetoka wapi. Wanaosoma ni walewale waliokukatia tiketi.