Gari Haliwaki Asubuhi: Pima Kwanza, Betri Utanunua Baadaye

Gari likigoma asubuhi, jirani anakubusti, na kabla ya saa sita kila mtu ameshakushauri: betri imekufa, shuka Kariakoo ukachukue nyingine. Unafunga mpya, gari linawaka wiki mbili, kisha unarudi palepale, kwa sababu aliyekuwa mgonjwa ni alterneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) au waya wa eathi (unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini). Multimita ya bei rahisi inatosha kumjua mgonjwa ndani ya dakika chache. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa betri), kipimo cha 20.

Kabla ya kupima, fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ukikaa Kigamboni, Msasani au popote penye upepo wa bahari, kutu haikawii, na ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa huzuia umeme kupita. Shika kichwa cha waya ukijaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umeshapata pa kuanzia. Fungua hasi kwanza, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, zitaruka cheche kubwa. Mwagia maji ya moto yenye magadi soda, sugua kwa msasa mpaka chuma cha risasi cha vichwa king'ae, kausha, rudisha chanya kwanza kisha hasi, halafu paka grisi kwa juu.

Sasa pima gari likiwa limelala usiku kucha. Gusa nguzo zenyewe za betri, usiguse vibano vya waya. Betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini iko karibu tupu. Betri tupu si lazima iwe mbovu, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Ichaji kwanza kwa chaja, ndipo uihukumu. Ila ikichajiwa usiku kucha na bado ikasimama kwenye 10.5, seli moja imekufa: seli ziko sita, kila moja hutoa takriban volti 2.1, na tano zilizobaki zinakupa 10.5 hiyohiyo. Hapo nunua.

Mwenzako apige starta, wewe macho kwenye multimita. Volti zisishuke chini ya 9.6. Kama betri ilisoma 12.6 na kwenye starta ikaporomoka hadi 8, sahani zake (bamba za risasi zilizo ndani) zimechoka. Joto la Dar linachangia sana: linakausha maji na kuzila sahani haraka kuliko nchi za baridi. Kama betri ina vifuniko vya kufungua, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi mpaka yafunike sahani. Usiongeze asidi, kwa kuwa kinachopungua kwa joto ni maji tu.

Sikiliza pia. "Tiki-tiki-tiki" ya haraka ni betri dhaifu au vichwa vilivyolegea. "Tak!" moja kisha kimya, huku volti zimebaki juu ya 12, inaelekeza kwenye starta au waya zake. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, upige starta tena. Ikisoma zaidi ya 0.5, waya wa eathi umeliwa au haujakaza.

Injini ikishawaka, nguzo za betri zisome kati ya 13.8 na 14.7. Usiishie hapo: washa taa kubwa, feni na AC, maana ndivyo gari linavyoishi kwenye foleni ya Mwenge. Kanyaga mafuta mpaka injini ifike mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikibaki chini ya 13.2, angalia mkanda kabla ya alterneta yenyewe. Mkanda uliolegea au uliong'aa hulia ukiweka mzigo. Mkanda ukiwa mzima, kagua fyuzi kubwa ya alterneta na plagi yake, kisha mpelekee fundi umeme aangalie kaboni na regyuleta (kidhibiti cha volti) ndani ya alterneta. Volti zikizidi 15, regyuleta ndiyo mbovu, na betri itaanza kunuka mayai viza. Baadhi ya Honda hushusha chaji kwa makusudi mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo zipime taa zikiwa zinawaka. Haibridi kama Aqua na Prius hazina alterneta, hivyo kipimo hiki si chao.

Ukihamishia multimita kwenye volti za AC (umeme geu, si kiyoyozi) huku injini ikinguruma, isizidi 0.5. Ikizidi, daiodi ya alterneta imeharibika, na daiodi hiyo inaweza pia kunyonya betri gari likiwa limezimwa.

Fundi akitaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili "aone kama alterneta inachaji", mkatalie. Volti zinaweza kuruka ghafla zikaunguza regyuleta au kontroli boksi (kompyuta ya gari), na bei ya kontroli boksi haifanani hata kidogo na ya betri.

Vipimo vyote vikiwa sawa na bado betri inalala, kuna kitu kinaiba umeme. Hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A na kitufe kwenye ampia za DC, chomoa waya wa hasi ya betri, unganisha multimita kati ya waya huo na nguzo hasi, funga milango na usubiri dakika 30 gari lilale. Usipige starta wakati huo. Chini ya miliampia 50 ni kawaida. Ikisoma 500, kwa siku moja zinaondoka ampia-saa 12, zaidi ya robo ya betri ya ampia-saa 45. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Waanze kushukiwa waliofungwa baadaye, yaani alamu, traka na redio.

Ukishampata mwizi, chaji betri kwa ampia 4 au 5 usiku kucha. Safari ya Ubungo hadi Posta kwenye foleni haitairudisha betri iliyoisha kabisa.